Nyaya Mbili Nyembamba

Machi 9

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo, na karakana nzima inanuka vumbi lililolowa na vanishi. Naandika nikiwa na hasira ambayo bado sijaamua kama ni ya haki. Tangu chuoni nimejizoeza kutoiamini hasira yangu mpaka ilale na kuamka. Nikiiandika, huenda ikalala vizuri zaidi.

Asubuhi alikuja mkunga wa zahanati ya mlimani na transfoma yao iliyoungua, imefunikwa turubai juu ya mkokoteni. Umeme unaofika kwao ni mkali mno kwa vifaa vyao, na transfoma hii ndiyo inayouteremsha. Bila yake hakuna jokofu la chanjo, hakuna taa ya chumba cha kujifungulia, hakuna kitu. Fundi mkuu wetu, tunayemwita Kiganja, alikata koili zilizoungua, yaani nyaya zilizosukwa kuzunguka chuma chake, kwa patasi, akazitupa nyuma ya karakana na kubakiza chuma kitupu. Mjomba, kaka yake Mama na mwenye karakana hii, akaniambia nipige hesabu za koili mpya. Nilijiona nimeheshimiwa. Ni kazi yangu ya kwanza kamili tangu nirudi na shahada.

Jambo lenyewe si gumu. Zahanati ikiwasha kila ilicho nacho kwa pamoja itavuta ampea zipatazo ishirini. Ndani ya sanduku lisilo na mafuta wala feni, kila milimita ya mraba ya shaba naipa ampea mbili na nusu, isizidi tatu. Jibu, kwa upande wa kutolea umeme, ni waya wa geji ya kumi. (Geji huenda kinyume na akili ya kawaida: namba ikipanda, waya unakonda.)

Mjomba aliishika karatasi yangu kwa ncha za vidole, kama picha ambayo haijakauka.

"Hesabu nzuri," akasema. "Tutazitia fremu, tuzitundike pale ukutani."

Wote walicheka, nami nikacheka. Hasira imenijia nilipofika nyumbani, ninavua viatu vyenye matope. Huwa nachelewa namna hiyo.

Machi 11

Mvua. Geji ya kumi haipo kwetu, wala katika duka lolote la mjini. Imeagizwa.

Machi 14

Mto umefurika hadi juu ya daraja la barabara kuu. Lori lenye waya wetu limekwama ng'ambo. Mvua.

Machi 16

Leo Mjomba ametoa dawa yake.

Karakana ina geji ya kumi na sita. Alikata vipande viwili vya waya huo, akavilaza sambamba juu ya meza, kisha kando yao akaweka kipande kifupi cha geji ya kumi kilichobaki kutoka kazi fulani ya zamani. Akawaita wote waje waone. Upana wa zile nyaya mbili nyembamba ulikuwa sawasawa na unene wa ule mmoja. Maikromita, kipimo chetu cha unene, ikapitishwa huku na huku, nayo haikupinga.

"Haya, Bibi Injinia," akasema. "Hawa wawili na huyu mmoja, nani mnene?"

Nilieleza, nadhani kwa upole, kwamba umeme hauvuki waya kama mtu anavyovuka barabara hata tujali upana wake. Unapita katika nyama yote ya shaba. Ukikata waya na kuutazama kichwani, unaona duara, na duara lenye kipenyo nusu lina robo tu ya nyama. Nyaya mbili za namna hiyo ni nusu ya waya tunaouhitaji. Ili zilingane na ule mmoja zingetakiwa nne, na waya tulio nao hautoshi kwa nne.

"Kwa hiyo," Mjomba akauliza, akiwageukia wengine, "huko chuo kikuu, moja jumlisha moja ni nusu?"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko mvua. Kiganja alinihurumia. Aliniambia nisijali, kwani hata yeye hesabu zilimshinda. Huruma hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Najaribu kuwa mwadilifu. Mtu akitazama meza ile kwa macho tu, Mjomba ameshinda. Nyaya zililala pale zikimshuhudia. Je, kinachonichoma ni kosa lenyewe, au ni kucheka kwao? Kama wasingecheka, ningekuwa nimeandika ukurasa mzima?

Nadhani ningeandika. Ni ampea karibu tano kwa kila milimita ya mraba. Joto la koili hiyo litakuwa maradufu, kuwe na kicheko au kusiwe nacho.

Machi 17

Nimemweleza Mama. Akasema Mjomba alianza kusuka transfoma kabla sijaota meno. Nikamjibu kwamba meno ninayo sasa. Hakupendezwa. Amenikumbusha nani aliyetulea baada ya Baba kufariki, kana kwamba nimewahi kusahau, kisha akanipa shauri ambalo sikulitaka na ambalo huenda lina busara: mjomba hasahihishwi mbele za watu. Mvizie akiwa peke yake.

Machi 18

Nimemvizia akiwa peke yake. Alinivutia kiti, akanimiminia chai, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akaitika kwa kichwa mara nyingi, na nilipomaliza akasema, "Nimekusikia, mpwa wangu." Nikatoka ofisini nikiwa mwepesi kama unyoya. Mlangoni nilimsikia akimwambia Kiganja aandae geji ya kumi na sita, nyaya mbili mbili.

"Nimekusikia." Neno gani hili la kufungia watu mlango huku unawatabasamia?

Machi 19

Alhamisi. Mkunga amekuja. Kila Alhamisi hushuka mjini kuchukua chanjo, na kwa kuwa jokofu limekufa, huzipandisha mlimani katika kasha la barafu analolibeba mwenyewe, kisha lazima zitumike zote kabla barafu haijayeyuka. Sketi yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Alisema wiki hii wamezalisha kwa mwanga wa tochi iliyoshikwa na mama wa usafi, na mama huyo hapendi kuona damu, kwa hiyo kila mambo yanapokolea, tochi hutazama ukutani. Alilisimulia kama kichekesho. Hakuna aliyecheka.

Mjomba akamwahidi kwamba kazi iko mbioni. Nilikuwa nimesimama pale pale, na sikusema kitu. Kumpinga mzee mbele ya mteja wake ni kumvua nguo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini kuna sababu nyingine, nayo naiandika hapa tu: nilimtazama yule mama na sketi yake, nikajiuliza kama transfoma mbovu inayowaka si afadhali kuliko transfoma bora isiyokuwapo. Vitabu vyangu havina sura juu ya jambo hilo.

Nimerudia hesabu kwa ampea tatu na nusu, ambao ni ukarimu wa kupita kiasi. Bado nyaya mbili hazifiki.

Machi 23

Mvua. Daraja bado.

Machi 25

Kiganja ameanza kusuka. Ni lazima niseme kweli: sijaona mikono kama yake. Nyaya mbili zinaingia pamoja, zimebanana kama ndugu wawili kitandani, kila mzunguko umelala ubavuni mwa mwenzake bila kuupanda. Kila safu inavikwa karatasi, inagongwa polepole kwa nyundo ya mbao, inakaguliwa kwa kucha. Nilisimama nikatazama muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Hakuna uzembe hata chembe. Hilo ndilo linalonikasirisha leo. Kazi chafu hujitangaza yenyewe. Kosa lililosukwa kwa mikono safi namna hii, nani atalishuku?

Machi 26

Alhamisi. Mkunga, kasha la barafu, sketi. Nilijificha stoo mpaka alipoondoka.

Machi 30

Mvua.

Nilikwenda nyuma ya karakana kutafuta kipande cha mbao cha kukazia chuma. Mvua ilikuwa imeshusha lundo la vyuma chakavu, na pale juu, ikiwa imeoshwa, nikaona koili iliyoungua ya transfoma ya zahanati, ile iliyotupwa Machi 9. Nilikuwa sijaitazama, nilipiga hesabu zangu kwa kupima chuma kitupu, kama mtu anayepima mgonjwa viatu. Nikaiokota. Nikakwangua mkaa kwa kisu. Nyaya zilikuwa mbili mbili, sambamba. Nikapima. Geji ya kumi na sita.

Nilimpelekea Kiganja nikamuuliza aliisuka nani. Alishangaa swali.

"Sisi. Ile ya mwanzo ilipokufa, kabla hujarudi kutoka chuo. Si unaona mkono wangu?"

Nikamuuliza basi iliungua kwa nini. Akanyoosha kidole juu kwenye mabati, kulikokuwa kunanguruma, akasema radi.

Nilikwenda ofisini nikiwa na koili mkononi, maji meusi yakinichirizika kwenye kiwiko. Mama angesema niliingia bila adabu, na angekuwa na haki. Niliiweka juu ya meza ya Mjomba, nikamwambia kwamba radi hupasua mahali pamoja, kama teke. Koili hii haikupigwa teke, imeivishwa. Karatasi za ndani kabisa ni majivu, za katikati ni mkaa, za nje zimebabuka tu. Moto ulitoka tumboni mwake. Na sasa, baada ya kuungua kwa sababu hiyo, tunawasukia nyingine ile ile.

Nilitegemea nini? Nadhani nilitegemea kumwona akigeuza macho. Tangu asubuhi nilikuwa nimeshamhukumu kwamba anajua, kwamba anapunguza shaba kwa makusudi na kutumaini mvua itapoza dhambi. Hakugeuza macho. Aliichukua koili, akaizungusha karibu na dirisha, akaishika kwa huzuni, kama mtu anayemtambua marehemu.

"Radi hii ilikuwa mbaya sana," akasema.

Anaamini. Ee Mungu, anaamini kabisa. Ameziona nyaya mbili na mmoja zikiwa na upana sawa tangu ujana wake, na kila transfoma iliyoungua imepata radi yake, au panya wake, au mteja asiyejua kuitunza. Nilisimama pale na hotuba yangu yote ya kumshtaki mwizi, na mwizi hayupo. Mwizi ningemjua la kumfanya. Mtu mwema anayeamini, mikononi mwake mna zahanati, nitamfanya nini?

Nilimwambia basi tuijaribu ikikamilika, kwa mzigo kamili, ampea zote ishirini, nusu ya siku. Akakataa. Alisema hawezi kuitesa mali ya mteja ili kuniridhisha mimi. Tutaijaribu kama siku zote: balbu kadhaa, saa moja, na kiganja cha Kiganja juu ya sanduku. Ndiko jina lake lilikotoka. Akiweka mkono na kusema "baridi", kazi imepita.

Katika masika haya, hata jiko lingesemwa baridi.

Machi 31

Balbu. Saa moja. Kiganja: "Baridi." Mvua.

Aprili 2

Alhamisi. Nimemwambia.

Sikumsubiri afike karakana. Nilimngoja kona ya barabara, chini ya ubaraza wa duka la rangi, kama mdai, na alipotokea na kasha lake nikamsalimu na kumwomba tusimame kidogo. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikamweleza yote: waya, nusu, koili ya lundoni, balbu. Nilimwambia kwamba transfoma anayokuja kuichukua leo itawasha taa vizuri sana, na siku atakapowasha kila kitu kwa pamoja na kuacha hivyo, itaanza kuiva taratibu, na kwamba siku hiyo itachagua yenyewe.

Nilitegemea ashtuke, kisha anishukuru. Naliandika hili ili nisijidanganye baadaye: nilitegemea kushukuriwa.

Aliweka kasha chini, juu ya simenti kavu.

"Umelijua hili tangu lini?"

Nikasema tangu mwezi uliopita.

"Nami nimekuja hapa Alhamisi zote hizi, ulikuwepo?"

Nikasema nilikuwepo.

"Kwa hiyo mlikuwa mnabishana juu ya kichwa changu," akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo. Nadhani ndivyo anavyozungumza na wanawake wenye uchungu. "Mjomba mtu anataka kuwa sahihi, mpwa mtu anataka kuwa sahihi. Nani kati yenu aliniuliza huwa nawasha nini?"

Nikalitazama kasha lake.

"Nusu, unasema. Nusu inatosha jokofu?"

Inatosha, nikasema. Jokofu na taa zote, na bado inabaki. Mradi chombo cha kuchemshia vifaa na hita ya maji visiunganishwe.

"Vifaa nachemsha kwa kuni tangu iungue. Maji pia. Mngeniambia, 'Mama, tuna nusu', ningeichukua nusu siku ile ile nikaondoka nayo. Nimebeba barafu kichwani masika yote kwa sababu nyinyi wasomi na wazee mnasubiri jambo lililo kamili."

Nilitaka kusema kwamba mimi ndiye niliyekuwa upande wake. Niliyameza maneno hayo. Nilikuwa na hesabu zake zote na sikuwahi kuwa upande wake. Nilikuwa upande wa hesabu. Lakini je, hilo nalo si kali mno? Ningewezaje kuipeleka nusu ya kazi bila idhini ya mwenye karakana? Nimezungusha swali hili tangu mchana na kila upande lina mwiba.

Aliingia karakana peke yake. Sijui maneno yote aliyomwambia Mjomba, kwani mlango ulikuwa umefungwa. Alipotoka aliniambia tu kwamba Jumatatu ataleta chombo chake cha kuchemshia na hita yake, na kwamba transfoma itajaribiwa kwa vitu vya zahanati, yeye akiwa ameketi mbele yake.

Mjomba hakunitazama hadi jioni. Alipokuwa akifunga mlango akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na kufuli, kwamba nyoka wa nyumbani ndiye anayejua mlango.

Aprili 3

Mama hajanisemesha. Chai aliiweka mezani bila kuniita.

Aprili 6

Mkunga alifika na mkokoteni ule ule. Tuliunganisha chombo cha kuchemshia, kikajazwa maji na vifaa vyake vyote, tukaunganisha hita, na mimi nikaongeza taa za karakana mpaka mita ikasoma ampea ishirini. Mjomba aliketi upande mmoja, mkunga upande wa pili, transfoma katikati yao kama mtoto anayegombaniwa. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kiasi kwamba ilibidi tusogeleane ili kusikilizana, na hilo lilifanya hata matusi yawe ya karibu karibu.

Kiganja aliweka mkono juu ya sanduku. "Baridi," akasema. Mjomba akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Baadaye akaweka tena. "Vuguvugu."

Vifaa vikachemka. Mkunga akamwaga maji, akaongeza mengine, kama afanyavyo siku yenye wazazi wengi. Alimwuliza Kiganja ana watoto wangapi, na wote wawili wakasahau kwa muda kwamba tuko vitani. Ikabainika kwamba wa mwisho alizaliwa mikononi mwa mkunga huyu. Mjomba hakushiriki. Alikuwa akitazama balbu iliyo juu ya meza yake. Mwanga wake ulikuwa umeanza kuwa wa njano, kidogo sana. Niliuona naye aliuona.

Kisha harufu. Kila mtu wa kazi hii anaijua: vanishi ya nyaya inayopata moto, tamu kidogo, inayokaa nyuma ya ulimi. Kiganja aliacha sentensi katikati. Akaweka mkono, akauondoa. Akaweka tena, kana kwamba mkono ndio uliokosea.

"Mzee," akasema, "hapashikiki."

Mjomba aliinuka. Nilifikiri anakwenda kuzima swichi. Badala yake aliweka kiganja chake mwenyewe juu ya sanduku, akakiacha hapo. Alikiacha muda ambao hakuna mkono unaopaswa kukaa. Uso wake haukubadilika. Sijui alikuwa anapima nini. Joto alikuwa ameshalijua.

"Mzee, toa mkono," Kiganja akasema, kisha, alipoona hasikii, akamshika kwenye kifundo cha mkono akauondoa yeye. Mimi nikazima.

Nilikuwa nimengoja dakika hii tangu siku ya kicheko, nimeiota, nimeiandalia maneno. Nilipoifikia sikupata utamu wowote. Nilipata hasira tu, ile ile, haikupungua hata tone: kwamba tumelazimika kuchoma mkono wa mtu mzima ili kuthibitisha mduara.

Mkunga ndiye aliyezungumza, huku akimpaka Mjomba mafuta kutoka kwenye mkoba wake, bila kumwuliza kama anataka. Alisema ataichukua leo, kwa nusu. Mimi nitakwenda naye, nitaweka fyuzi ya ampea kumi, itakayokata kabla koili haijachemka. Waya sahihi ukifika, isukwe nyingine.

"Na ikisukwa," akaongeza, "hesabu zake apige huyu binti, na wewe ndiye utakayeniletea. Nataka nisikie kinywani mwako kwamba ni nzima."

Mjomba akaitika kwa kichwa.

Aprili 7

Jokofu linafanya kazi. Mama wa usafi alipoona taa imewaka juu ya kitanda cha kujifungulia, alipiga vigelegele, kisha akaitupa tochi kwenye sanduku kama mtu anayetua mzigo wa miaka. Nilirudi kwa miguu, matope hadi magotini.

Aprili 10

Fyuzi imekatika mara moja. Mtu alichomeka hita. Mkunga ameibadilisha mwenyewe na, nimeambiwa, amempa mtu huyo maneno yaliyochemka bila kuni.

Aprili 14

Maji yameshuka, lori limevuka. Geji ya kumi iko mezani, nzito, nyekundu, nzuri. Kiganja ameanza kusuka. Waya mmoja mnene unakataa kupinda pembeni na inambidi aubembeleze kwa nyundo. Aliniita niende nitazame kona ya kwanza. Aliniuliza, bila kuinua macho, kwa nini duara dogo lina robo na si nusu. Nikachora. Akasema ameelewa, kisha akasema hajaelewa, kisha tukachora tena.

Mjomba hajaonekana karakana tangu siku ya majaribio. Mama anasema anaumwa mkono. Mkono hauumi kiasi hicho. Naona ni aibu, na nimekasirika upya: miaka yote alikuwa na uhakika mbele za watu, leo anataka kukosea akiwa peke yake, chumbani. Labda simtendei haki. Labda mimi ningekwenda mbali zaidi ya chumbani.

Aprili 18

Alikuja nyumbani jioni, mkono umefungwa kitambaa, akaketi na Mama sebuleni. Nilipoingia kusalimia, Mama akainuka akaenda jikoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya kaka yake akiwa amekaa.

Mjomba alizungumza juu ya mvua. Akazungumza juu ya daraja. Kisha akauliza, akitazama kitambaa:

"Na zile nyingine?"

Sikuelewa mara moja. Akaanza kuzitaja, moja moja, kwa kutumia tu kumbukumbu: ya shule ya bweni ya wasichana, ya mashine ya kusaga, ya seremala, ya nyumba ya wazee. Ya pampu ya maji. Kwa kila moja alijua aliisuka masika au kiangazi, sanduku lake ni la rangi gani, nani alimshukuru. Zote nyaya mbili mbili.

"Zimedumu," akasema. "Hizo zimedumu, mpwa wangu. Si kwa sababu ni nzuri?"

Alikuwa ananiomba. Sijawahi kumwona mtu huyu akiomba. Ningeweza kumpa, lingekuwa neno moja tu, na Mama jikoni angelisikia, na nyumba hii ingepona. Nikamwambia kwamba zimedumu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwasha kila kitu kwa pamoja. Bado.

Hapo akakasirika, hasira kubwa, ya kweli, ambayo sikuwa nimeiona hata nilipomwekea koili mezani. Alisema amefanya kazi hii kwa miaka yote hiyo, mainjinia wakipita mlangoni pake na kalamu mifukoni, wakimpongeza, wakila chakula chake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuukata waya huo akamwonyesha kichwa chake. Hakuna aliyemheshimu kiasi cha kumwambia amekosea. Walimwita fundi, wakamwachia moto.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilimwambia, akanicheka. Ni kweli, nilimwambia. Ni kweli pia kwamba mimi ni wa kwanza, na nimezaliwa juzi. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira pamoja naye, na sikuweza kuona mpaka uko wapi.

Aprili 20

Transfoma ya zahanati imekwisha. Mjomba ataipeleka Alhamisi, mwenyewe, kama alivyoagizwa.

Lakini leo tumekwenda shule ya bweni. Alikuja kunichukua asubuhi, amevaa koti lake la misibani. Mvua ilikuwa ya mwisho mwisho, nyepesi, ila mawingu mazito kiasi kwamba taa za madarasa yote zilikuwa zimewashwa. Nilimwambia nitazungumza na mkuu wa shule, kwa kuwa nina maneno ya kitaalamu yanayoweza kupunguza ukali. Akasema hapana, nisimame nyuma.

Mkuu wa shule alimpokea kwa furaha, akamwita Mzee wetu, akamwambia transfoma yake haijawahi kuwasumbua hata siku moja.

"Mwalimu," Mjomba akasema, "nimekuja kuwazimia umeme."

Akaeleza. Hakutaja radi. Alisema aliamini nyaya mbili ni sawa na mmoja, na si sawa, na kwamba jiko jipya la umeme alilosikia shule inalisubiri lingeweza kuwachomea bweni. Mkuu wa shule alisikiliza, na uso wake ukabadilika hatua kwa hatua, kisha akaanza. Alimwuliza ni mtu wa namna gani anayeweka kitu asichokijua juu ya vichwa vya watoto wa watu. Alimwuliza kama amelala vizuri miaka hii. Kila neno alilosema nilikuwa nimeshaliandika mimi humu, Machi, kwa wino mkali zaidi. Na nilipolisikia kwenye kinywa cha mwingine nilikaribia kumkatiza na kumwambia anyamaze, kwamba hajui ni gharama gani mzee huyu ametembea nayo kutoka kwake hadi hapa. Sikumkatiza. Alikuwa na haki, na Mjomba hakuomba atetewe.

Alingoja mpaka mkuu wa shule alipomaliza. Akashukuru. Akaenda kwenye kibanda cha umeme, akashusha swichi kwa mkono wake mzima.

Madarasa yote yakawa giza kwa mpigo mmoja, na wasichana wakaguna, guno refu la kulaumu, bila kujua wa kumlaumu. Mjomba alipiga magoti kwenye simenti iliyolowa, koti la misibani na yote, akaanza kufungua skrubu za transfoma.